UZI: Bikoni imehama au namba ndo zimehama? Wenye viwanja Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo pitieni hapa

Mpima wa Kiromo

Wakuu habari za jioni. Nimeona niandike huu uzi maana kila wikendi watu wanatoka Dar kuja kuangalia viwanja vyao huku Bagamoyo, wana simu mkononi, wameingiza koodineti (namba za kutaja mahali) za kwenye ramani ya upimaji, kile kidoti cha bluu kinawapeleka mpaka ndani ya kiwanja cha mtu mwingine, ugomvi unaanzia hapo. Dalali tapeli, mpima tapeli, jirani aliyejenga kwenye eneo lake anaambiwa abomoe. Na mara nyingi bikoni, lile jiwe la kuonyesha kona ya kiwanja, iko palepale ilipopandwa, kilichohama ni namba.

Mnachotakiwa kushika ni kimoja tu. Kabla hujagombana na mtu, uliza tofauti ni kubwa kiasi gani na imeelekea wapi. Tofauti ya mita 300 ina chanzo chake, ya mita 4 ina chanzo chake, ya sentimita 30 nayo ina chake, na ya sentimita 2 haina haja hata ya kupandishiana sauti.

Tuanze na kubwa kuliko zote maana ndo inayoumiza watu wengi. Ramani nyingi za upimaji hapa Tanzania koodineti zake ziko kwenye datamu (msingi wa kuhesabia koodineti) ya Arc 1960, ambayo imejengwa juu ya umbo la dunia la Clarke 1880. Simu yako na Google Earth vinatumia WGS84. Hayo ni mahesabu mawili tofauti, kila moja lina umbo lake la dunia na kitovu chake, kwa hiyo jiwe lilelile moja lina namba mbili halali kabisa. Kwa huku kwetu ukichukua namba za Arc 1960 ukazimwaga kwenye simu bila kuzibadilisha, pointi inaenda kuangukia karibu mita 300 kaskazini na karibu mita 90 magharibi ya mahali penyewe. Mita 300 kwa viwanja vya 20 kwa 20 umeshavuka viwanja kumi na tano! Sasa mtu akija na malalamiko ananiambia "kiwanja changu kimesogezwa", namuuliza kimesogea kuelekea wapi na kwa kiasi gani, akisema kaskazini kidogo magharibi kama mita 300 hapo hata gari siwashi, najua ni datamu.

Kuna nyingine ya kuchagua zoni. UTM ni mfumo wa koodineti za mita unaoigawa dunia kwenye zoni, na sisi huku tuko zoni ya 37 kusini. Kuna apu zinakuja zimewekwa 36, ukiacha hivyo kiwanja chako cha Zinga kinaenda zaidi ya kilomita 600 magharibi, pande za Tabora huko. Hiyo angalau inajionyesha yenyewe. Ya datamu ndo mbaya maana inakuacha kijiji kilekile, barabara ileile, unaona kila kitu kimekaa sawa.

Ya simu na ya vipimo vya sentimita nitaendelea chini, kwanza leteni maswali.

Dada wa Zinga

Kaka ahsante sana kwa huu uzi, mimi ndo muathirika kabisa. Nilinunua Zinga, nikapewa kopi ya ramani, nikaingiza zile namba kwenye simu ikanipeleka mbali nikabadilisha kwenye apu ikawa Arc 1960 ikarudi sehemu inayoeleweka, lakini bado inanionyesha bikoni yangu ya kona iko ndani ya ukuta wa jirani kama mita 3 hivi. Nimesimama pale muda mrefu namba zimetulia hazibadiliki hata desimali ya mwisho, na apu inaonyesha desimali sita. Sa hapo si ina maana ukuta umeingia kwangu?

Mpima wa Kiromo

Dada yangu hapana, usimfuate jirani kwanza.

Simu ya kawaida mahali pa wazi pasipo na miti wala majengo inakosea kama mita 5 hivi, na hiyo ni ikiwa kwenye hali nzuri. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, simu inapima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri, na mawimbi yanaenda kwa kasi ya mwanga, yaani ukikosea muda kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde umeshakosea sentimita 30. Hapo hujaweka kucheleweshwa na anga la juu, ambalo kwetu karibu na ikweta linasumbua zaidi hasa mchana na baada ya jua kuzama, hujaweka na mawimbi yanayogonga kwanza bati au ukuta wa jirani halafu ndo yanaingia kwenye simu. Umesema uko karibu na ukuta, basi jua hiyo ipo.

Kuhusu desimali sita. Desimali ya sita ya digrii huku kwetu ni kama sentimita 11. Apu imeandika sentimita 11 lakini simu yenyewe haijui iko wapi ndani ya mita 5, sasa hizo desimali za mwisho ni hesabu tu imetoka hivyo, hazijapimwa. Na namba kutulia nako kusikudanganye, simu nyingi zikihisi umesimama zinaigandisha nafasi ili kidoti kisichezecheze kwenye skrini. Ondoka pale, tembea mpaka barabarani, kunywa maji, rudi usimame palepale uone kama utapata namba zilezile. Rudia kesho yake asubuhi. Utashangaa.

Kwa hiyo mita 3 kwa simu ni sawa na kusema simu haijakwambia kitu chochote kuhusu ule ukuta, siyo kwamba uko kwako wala siyo kwamba uko kwake.

Kijana wa Dunda

Mkuu mi nafanya kazi za kuchora ramani za mashamba kwa hizi apu za kutembea kuzunguka shamba. Kwa mashamba mbona inatoa majibu mazuri tu? Nimepima eka kumi ya mtu ikaja eka tisa na pointi, mwenyewe akakubali.

Mpima wa Kiromo

Kijana swali zuri. Kosa la mita 4 kwenye shamba la upande wa mita 200 ni kitu kidogo, asilimia 2 tu ya upande, mkulima anayetaka kujua anunue mbegu kilo ngapi inamtosha kabisa. Lete kosa hilohilo kwenye kiwanja cha 20 kwa 20. Upande mmoja unaweza kusomeka 16 au 24, yaani eria yako ya mita za mraba 400 inaweza kuja 256 ikikaa vibaya au 576 ikikaa vibaya upande wa pili. Kifaa ni kilekile, kazi ndo imebadilika. Endelea na mashamba yako, ila usimwandikie mtu mpaka wa kiwanja kwa hiyo apu, na kwenye hiyo michoro yako andika kabisa kwamba ni makadirio.

Mkongwe wa Kaole

Wanangu sisi huku tulikuwa tunapanda minyaa, mpaka wako unaishia kwenye minyaa na mnazi wa fulani, na eka ni hatua sabini kwa sabini. Mbona tuliishi vizuri na majirani bila hizo setilaiti?

Mpima wa Kiromo

Shikamoo mzee wangu. Minyaa ina heshima yake na hata leo mpima mwenye akili akifika eneo la zamani anauliza kwanza wazee minyaa ilipita wapi, kwa sababu kitu kilichopo ardhini na majirani wote wanakikubali kina nguvu kuliko namba iliyosomwa juzi.

Ila ile ya hatua sabini mzee inategemea hatua za nani. Mtu anayetupa hatua ya sentimita 91 akihesabu sabini kwa sabini anapata eka kamili, mita za mraba 4,050 na kidogo hivi. Mtu wa hatua ya sentimita 75, ambayo ndo hatua ya kawaida ya kutembea, anapata kama 2,750. Hiyo ni kama theluthi mbili ya eka, karibu theluthi nzima ya ardhi imepotea na hela imelipwa ya eka. Watu wengi wanaonunua mashamba Makurunge huko wanahesabiwa hatua na dalali mwenye miguu mifupi, wanakuja kushtuka siku ya kupima.

Fundi Msingi

Mi ni fundi, niseme ukweli hapa, sisi wala hatuna shida na hizo GPS. Nikionyeshwa bikoni mbili za mbele navuta tepu 20, napiga pembe kwa tatu nne tano (pembetatu ya pande 3, 4 na 5), narudi nyuma 20, nafunga, kazi imeisha. Nimejenga kuta nyingi Kerege na Mapinga.

Mpima wa Kiromo

Fundi hapa naomba tukae vizuri maana hili ndo linazalisha kesi nyingi kuliko hata simu.

Tatu nne tano inakupa digrii 90 safi, hilo halina ubishi. Swali ni nani kakwambia kona ya kile kiwanja ni digrii 90? Viwanja vinafuata barabara, barabara ikipinda kidogo kona inakuwa 88 au 93, angalia kwenye ramani utaona kila mstari una bearingi yake (mwelekeo) na urefu wake. Kona ikiwa 88 we ukapiga 90, ukifika mwisho wa mita 20 umeshatoka nje ya mstari kwa sentimita 70. Sentimita 70 kwa urefu wa ukuta wote ni pembetatu ya ardhi ya mtu umeimeza, na hukuwa na nia mbaya. Dawa yake rahisi sana, ukuta usianze mpaka bikoni zote nne zionekane kwa macho, vuta kamba toka bikoni mpaka bikoni, pembe iache ijitokeze yenyewe. Na pima mikingamo miwili (toka kona mpaka kona ya mkabala), ulinganishe na ile unayoipata kwa kukokotoa kwenye ramani.

Kuhusu tepu, ile ya nailoni ukiivuta kwa nguvu inarefuka, na watu wawili wakivuta tofauti wanapata majibu tofauti. Ya chuma ni nzuri, joto linairefusha lakini kwa mita 30 kwenye jua la kwetu ni milimita 5 tu hivi kwa kiwanja haikusumbui. Kinachosumbua zaidi ni tepu kulegea katikati, na kupima kwa kufuata mteremko wa ardhi badala ya kushika tepu usawa. Urefu wa kwenye ramani ni wa usawa, siyo wa mteremko.

Fundi Msingi

Hiyo ya 88 sikuwahi kuambiwa na mwenye nyumba yeyote, huwa wananionyesha bikoni mbili wanasema upande ule itakuwa 20. Nimekuelewa mkuu, hapo ntakuwa nadai zote nne.

Rova ya Pwani

Mpima mwenzangu, mbona hujazungumzia RTK, ile GPS ya vifaa viwili? Siku hizi tunaweka besi (kifaa kinachosimama sehemu moja), tunatembea na rova (kifaa cha kwenye fimbo), unapata sentimita hapohapo, mambo ya simu yameisha. Mi nadhani tungewaambia watu waite mtu wa RTK basi.

Mpima wa Kiromo

Nilikuwa nakuja huko. RTK ni kifaa kizuri mno. Badala ya kusoma ujumbe wa setilaiti peke yake inapima wimbi lenyewe, na wimbi la GPS la L1 lina urefu wa sentimita 19 tu, ndo maana inaweza kushuka mpaka sentimita 1 au 2. Kifaa cha kawaida kinaandikwa milimita 8 na nyongeza ya milimita 1 kwa kila kilomita ya umbali toka kwenye besi.

Lakini wenzangu tuambiane ukweli. Hiyo sentimita 1 ni toka kwenye besi. Rova haijui Bagamoyo iko wapi, inajua iko umbali gani na upande gani kutoka kwenye besi. Ukifika site ukasimamisha besi popote, ukabonyeza ijitafutie nafasi yenyewe, besi imekaa na kosa la mita 2 au 3, basi bikoni zote utakazotoa siku hiyo zitaelewana zenyewe kwa sentimita, upande 20.01, upande 19.99, unafurahi, na kiwanja kizima kimekaa mita 3 pasipo pake. Mmiliki anaona kazi safi kabisa. Anakuja mpima mwingine mwaka unaofuata, naye besi yake kaiweka kwa staili hiyohiyo, bikoni zake zinadondoka mita 4 pembeni, na wote wawili wameshika vifaa vya mamilioni. Hapo ndo unakuta kona moja ina bikoni mbili na mwenye kiwanja anazeeka anahangaika ofisi kwa ofisi.

Besi lazima ikae kwenye kontroo inayojulikana (pointi yenye koodineti zilizothibitishwa), au uisome kontroo ndo uanze kazi. Na kabla hujatoa bikoni hata moja mpya, nenda kaguse bikoni za zamani zilizopo jirani, mbili au tatu, uone zinakuja ngapi ukilinganisha na ramani iliyoidhinishwa. Zikija ndani ya sentimita chache endelea. Zikikataa simama, tafuta sababu, usisogeze jiwe.

Na pale kwenye skrini angalieni imeandika fiksi (imeshapata jibu la sentimita) au floti (bado haijapata). Chini ya miembe na mikorosho ya huku rova inaning'inia kwenye floti, msaidizi kachoka, jua kali, anabonyeza tu ihifadhi. Floti inaweza kuwa nusu mita. Chini ya mkorosho mi naachana na rova naleta totali stesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali kwa kulenga, bila setilaiti), natoa pointi mbili mahali peupe, napiga toka hapo. Na povu la kwenye fimbo liangaliwe kila pointi, fimbo ya mita 2 ikilala digrii moja tu ncha ya juu imeshaenda sentimita 3 na nusu, na ncha ya juu ndo inayopimwa.

Rova ya Pwani

Hapo kwenye besi umegonga penyewe, nimeshaikuta hiyo ya bikoni mbili kona moja. Nyongeza kwa wapima wa mashamba makubwa, msisahau skeli, yaani urefu wa ardhini unavyobadilika ukiwekwa kwenye gridi ya ramani. Huku meridiani ya kati (mstari wa katikati) ya zoni yetu ni digrii 39 na inapita katikati hapa, Bagamoyo mjini iko magharibi yake, Mapinga mashariki, kwa hiyo tunakula ile 0.9996 nzimanzima. Mita 100 za ardhini ni 99.96 za kwenye gridi. Kwenye kiwanja cha mita 20 ni milimita 8 hauioni, kwenye shamba la upande wa kilomita moja ni sentimita 40, mtu wa tepu na mtu wa koodineti watabishana mpaka jioni na wote wako sahihi.

Mpima wa Kiromo

Kabisa. Na kwa wanaojenga karibu na bahari, mwinuko unaosomwa na kifaa bila kusahihishwa ni toka kwenye umbo la kihesabu la dunia, siyo toka usawa wa bahari. Pwani yetu hii tofauti inazidi mita 20, unaweza kusimama ufukweni mguu mkavu kifaa kikasoma hasi ishirini na kitu. Usichukue namba hiyo ukampa mtu wa mitaro.

Dada wa Zinga

Kaka sasa mimi nifanye nini kwa utaratibu? Bikoni yangu ya hiyo kona siioni kabisa, zingine tatu nazijua zilipo. Kuna mtu kaniambia nipande nondo yangu pale simu inapoonyesha nimwagie zege iwe kumbukumbu.

Mpima wa Kiromo

Usipande. Bikoni ni nondo ndani ya zege ina herufi na namba zake juu, na hizo namba zimo kwenye ramani, we ukipanda yako unaongeza utata na jirani atakuwa na haki ya kulalamika. Kung'oa au kuhamisha iliyopo pia ni kosa kisheria, hata kama unaamini imekaa vibaya.

Fanya hivi. Chukua tepu ya chuma na mtu wa kukusaidia, kwenye ramani angalia urefu toka bikoni mbili unazozijua kwenda hiyo iliyopotea, moja utaupata moja kwa moja ambao ni upande, mwingine ni mkingamo. Vuta zote mbili kwa pamoja, zinapokutana chimba taratibu kwa jembe la mkono, bikoni nyingi hazijaibiwa zimefukiwa tu na udongo wa greda au wa msingi wa mtu. Kama kwa tepu panaangukia nje ya ukuta, upande wako, basi we na jirani yako hamna kesi. Kama panaangukia kwenye ukuta au ndani yake, hapo ndo unatafuta mpima aliyesajiliwa arudishie bikoni, akiwa na ramani iliyoidhinishwa na Wizara, jirani awepo, mwenyekiti wa mtaa awepo. Muulize mambo matatu kabla hujamlipa: besi unaweka wapi, datamu gani, na utagusa bikoni zipi za zamani kuhakikisha. Akikasirika kuulizwa tafuta mwingine.

Kijana wa Dunda

Swali la mwisho mkuu. Kuna jamaa hana kontroo karibu, anaacha kifaa masaa kadhaa anatuma data mtandaoni anarudishiwa koodineti za sentimita. Hizo zinafaa?

Mpima wa Kiromo

Zinafaa sana, ila ajue amerudishiwa kwenye nini. Zile zinakuja kwenye fremu (mfumo wa rejea wa koodineti) ya dunia nzima na za tarehe ile aliyopima. Bamba la ardhi tulilokalia huku pwani linatembea kuelekea kaskazini mashariki sentimita 2 na nusu mpaka 3 kwa mwaka, kwa hiyo aliyepima kwa njia hiyo miaka kumi iliyopita na anayepima leo pointi ileile wanapishana kama sentimita 30, na bikoni haijaguswa na mtu. Ile sentimita 30 niliyoitaja mwanzo wa uzi mojawapo ya vyanzo vyake ni hii. Lazima azirudishe kwenye fremu ya nchi, TAREF11, au aende Arc 1960 kwa kugusa bikoni za zamani za eneo hilo, siyo kwa namba za jumla zilizomo kwenye programu maana zile zenyewe zinabakiza kosa la mita kadhaa. Mwambie kwenye ripoti aandike datamu, fremu, tarehe, na bikoni alizogusa pamoja na tofauti aliyoipata kwenye kila moja. Karatasi isiyo na hivyo vitu mi nikiletewa narudi site kupima upya.